Intore wa Faranga Ishirini

Mama,

Kaburi lako limejengwa, na noti haikuuzwa. Naanza na hayo kwa sababu ungeniuliza kabla sijavua viatu.

Nasema ile ya faranga ishirini uliyotoka nayo Burundi, imekunjwa kwenye pindo la kanga. Katikati yupo intore, mcheza ngoma, mkuki mkononi, nywele za katani zikimwangukia mabegani. Miguu yake ilimezwa na mkunjo. Wewe ulisema ameruka, mimi nikasema amesimama. "Unaandika habari, hujawahi kucheza," ulinijibu, mjadala ukaisha.

Baada ya mazishi nilipata mtu wa Dar anayekusanya noti za zamani. Nilitaka hela yake inunue saruji ya kaburi. Mdogo wangu Filipo akagoma, akasema Mama hauzwi. Nikamwambia Mama tumeshamzika, kinachouzwa ni karatasi. Hatukusemeshana mpaka mavuno. Mwishowe akalainika, akaipeleka noti steshenari pale mjini Mpanda ipigwe picha ya kumtumia mnunuzi.

Akarudi nayo imechomewa ndani ya plastiki ngumu, kama kitambulisho. Mnunuzi alipoona picha alijibu kwa adabu kwamba noti ikishafanywa hivyo hakuna anayeitaka.

Nilimpandishia Filipo sauti. Akaningoja nimalize.

"Dada, Mama aliacha karatasi gani uchi?"

Cheti chako cha uraia, kadi zetu za ubatizo, hata habari yangu ya kwanza gazetini, vyote ulivitia plastiki, noti tu ndiyo ilibaki. Ulisema karatasi isiyofunikwa humkana mwenyewe. Wewe ulijua, uliwahi kuvuka mpaka bila hata moja yenye jina lako. Nikacheka, naye akacheka. Akauza mahindi ya shamba la Kasokola, nami nikaongezea, fundi akaanza kazi.

Sasa habari ya miguu. Mashine ya plastiki ilinyoosha mkunjo. Nimemtazama intore wako juani, zaidi ya mara moja, kama ninavyokagua picha yoyote kabla ya kuiandikia maelezo. Mguu wa kulia umekanyaga chini. Wa kushoto uko hewani. Tulibishana bure, Mama.

Nimemtundika sebuleni kwetu Nsemulwa, kando ya cheti chako. Pumzika, hapo ulipo ni pako. Wajukuu wakiniuliza anafanya nini, nitawaambia yote mawili, na nitaanza na mguu wako, ule wa hewani.

Mwanao