Sauti ya Ng'ambo ya Korongo

Mjukuu wangu Paskalina,

Huku Karatu tu wazima. Mama yako amepona kikohozi, na ng'ombe mwekundu amezaa. Ila wewe umenishangaza. Mwanamume wa kwenye simu hataki kuonyesha uso, hataki mama yako ajue, anataka umfuate Mombasa peke yako, halafu unaniuliza kama ni mkweli?

Nikiwa msichana niliokota kuni karibu na msitu wa Ngorongoro. Asubuhi ukungu ulishuka nisione hata miguu yangu. Kutoka ng'ambo ya korongo mwanamume akawa ananiita na kunisifu. Sikumwona kamwe. Nikawa nampa uso mwenyewe, leo mrefu, kesho mwenye macho ya upole, na nikitembea ni kama nimelala.

Siku moja akasema, "Vuka uje huku. Usimwambie mtu."

"Njoo wewe nyumbani," nikamjibu. "Mama atakupa maziwa, atakuuliza ukoo wako."

Akanyamaza. Ukungu ukabaki mweupe, ndege wakalia, nami nikasimama nikingoja. Hakuniita tena. Nililia, sikufichi. Kumbe uso niliokuwa naulilia niliutengeneza mwenyewe.

Basi mwambie huyo wako bibi anataka kumsalimia kwa simu ya video, mama yako akiwa kando yangu. Akitokea, mlete, nitachinja jogoo. Akinyamaza, lia, kisha ule ushibe. Mombasa usiende.

Ni mimi bibi yako, ninayekugombeza kwa kuwa nakupenda.