Sanduku la Kulalia Nyotani

Jumanne, 27 Mei 1969. Hell-Ville, Nosy Be

Tumefika salama kutoka Mahajanga. Nimetapika njia nzima, sitaki kuliongelea. Tuko kwa Mzee Ibouroi, baba mdogo wa Hamidou, fundi wa kuunda mashua. Mume wangu hajagusa hata chai. Kaenda moja kwa moja kuangalia mbao.

Sanduku! Tangu arudi kutoka Reunion, alikokuwa fundi umeme wa meli, hana wimbo mwingine. Aliliona kwenye televisheni ya dirishani mwa duka, kasimama barabarani na wapita njia wenzake. Mchezo wa wasafiri wa nyota. Safari yao ndefu mno, basi wanalazwa ndani ya masanduku, wanafunikwa, vitaa vinawaka ubavuni, wanalala miaka mia na kuamka vijana vilevile. Hamidou akawa anarudi pale kila wiki mpaka meli yao ikaondoka. Sasa anataka la kwake, la ukubwa uleule, mtu mzima aingie. Sikukuu ya uhuru, tarehe 26 Juni, atapita nalo kwenye gwaride la Mahajanga, kalala ndani, halafu ataamka mbele ya wakubwa wa mji. Kamati imemkubalia. Atakuwa na adabu gani baada ya hapo, Mungu ndiye ajuaye.

Mimi naogopa. Siogopi sanduku, naogopa watu. Tangu Januari ile tulipokimbia Unguja, sipendi umati wala mlango kugongwa. Hamidou anasema nilizaliwa na hofu. Labda. Ndiyo maana naandika Kiswahili, maana nyumbani kwetu hakuna anayekisoma ila mimi. Yeye anasoma Kifaransa, na Kiswahili changu nusu anakielewa, nusu anakikisia.

Ijumaa, 30 Mei

Maulidi yalisomwa jana, leo kazi imeanza. Mzee Ibouroi alimlaza Hamidou chini, akampima kwa kamba, fundo kichwani, fundo miguuni, kama anavyopima mashua. Mume wangu mfupi, hilo si siri. Kamba haikwenda mbali.

Mabegani pana, miguuni pembamba, kifuniko cha mviringo. Ndivyo lilivyokuwa kwenye televisheni, Hamidou anaapa. Mbao zimekunjwa vizuri kweli. Wapita njia wanachungulia uani, kisha wanaondoka haraka. Wivu, anasema mume wangu.

Jumapili, 1 Juni

Kitambaa cha ndani ni kazi yangu. Nilivuka hadi Nosy Komba, kisiwa jirani, ambako wanawake wanatarizi na kutundika kazi zao kwenye kamba nje ya nyumba. Vitambaa vyeupe, vya maua na matundu matundu, unatamani kuvila.

Kimalagasi changu ni cha kuombea maji, lakini mimi na muuzaji tulielewana. Akauliza cha nini. Nikasema cha sanduku, la mtu kulala. Akauliza mwanamume au mwanamke. Nikasema mwanamume, mume wangu. Basi akanishika mikono yote miwili, akakaa nayo. Hakutaka kujadiliana bei. Akaniongezea kipande cha kuweka kichwani, bure kabisa.

Watu wema hawa. Nimerudi na furaha, na mimi furaha ni mgeni wangu wa nadra.

Alhamisi, 5 Juni. Melini

Meli ndogo ya mizigo. Tumekaa juu ya magunia ya pilipili manga, sanduku liko karibu nasi. Baharia mmoja akaja akauliza nani kafa.

Hamidou na ulimi wake! Akamjibu hakuna aliyekufa, bado tunamsubiri. Akacheka peke yake. Mabaharia wakalifunika turubai, kisha wakahamisha sufuria zao, wakaenda kula upande wa pili wa meli.

Kwa nini aulize nani kafa? Nimemuuliza Hamidou. Anasema mabaharia hawana akili kwa sababu ya jua. Na yeye si alikuwa baharia?

Jumamosi, 7 Juni. Mahajanga

Nyumbani, mtaani kwetu Tsaramandroso, al-hamdulillahi.

Tulilileta sanduku kutoka bandarini kwa gari la ng'ombe. Njia nzima wanaume walikuwa wanavua kofia. Mmoja alishuka kwenye baiskeli, akasimama mpaka tukapita. Hamidou alijaa kifua, akawa anawapungia mkono kama waziri. Ananinong'oneza: unaona, mji huu unaheshimu kazi ya fundi.

Nao walimpungia? Hapana. Hakuna aliyepunga.

Dady Tombo alikuwa kizingitini kwake tulipofika. Dady ndiyo bibi kwa maneno ya hapa, na huyu ni bibi wa mtaa mzima, Msakalava, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Nilipokuja mara ya kwanza, mkimbizi, sijui hata kuomba chumvi, yeye ndiye aliyeniletea wali wa moto na kuniita zanako, mwanangu. Hajaacha kuniita hivyo. Leo nilimsalimia, "Mbolatsara, Dady." Aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye gari.

Jumatatu, 9 Juni

Kisimani leo nilisalimia, nikajibiwa na ndoo.

Hamidou yuko uani, haoni wala hasikii. Rangi ya fedha, balbu nyekundu na kijani, betri kubwa miguuni, waya kila mahali. Akibonyeza swichi zinakimbizana. Nzuri, sikatai.

Alasiri akaja rafiki yangu Charifa. Baba yake Mngazija, mama yake Msakalava, kwa hiyo anajua pande zote mbili. Alipoliona akakaa chini, hapohapo kwenye vumbi. Akaniuliza mna maradhi gani ya akili.

Sasa naelewa. Kwetu jeneza ni la msikiti. Liko wazi, linabeba maiti, linarudi ukutani. Mtu hazikwi nalo, na hakuna anayekuwa na lake. Nani kati yetu angefikiria, na Hamidou ana macho ya ile televisheni tu? Lakini kwa majirani zetu maiti anazikwa ndani ya sanduku, la mabega mapana na miguu myembamba. Na linachongwa mtu akishakufa. Kulichonga kabla, ukalileta nyumbani tupu, na kitambaa cheupe ndani, maana yake umeshamchagua mtu. Charifa anasema mtaa mzima unajiuliza jambo moja tu: ni nani?

Na lile jibu la melini limefika kabla yetu. "Bado tunamsubiri." Wanalirudia neno kwa neno.

Mzee Ibouroi hakujua? Charifa kasema yule mzee haoni kitu duniani ila mashua. Na yule mama wa Nosy Komba, mikono yangu mikononi mwake. Alikuwa ananipa pole! Mume wangu yuko hai, anapaka rangi.

Ijumaa, 13 Juni

Nilimwambia Hamidou. Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Baada ya sala ya Ijumaa akaenda nyumba kwa nyumba kueleza. Ingekuwa heri angekaa kimya.

Kwa sababu anaeleza nini? Kwamba mtu analala humo miaka mia kisha anaamka. Zafy, mwanawe Dady Tombo, akamuuliza anaamkia wapi. Hamidou akaonyesha juu, mbinguni. Zafy akasema ahaa. Akaingiza watoto wake ndani, akafunga mlango.

Jioni kabla ya magharibi Dady mwenyewe akaja, na fimbo yake. Hamidou akamwashia taa. Aliangalia muda mrefu zikikimbizana. Akatia mkono ndani, akapapasa tarizi na ule upande wa kichwani. Akasema kwa Kimalagasi, polepole ili nielewe, kwamba ni pazuri. Akakohoa. Nikampa maji, glasi ikagongana na meno yake, nikatamani kumrudisha kwake kwa mabega yangu, mbali na lile sanduku.

Jumanne, 17 Juni

Dady Tombo anaumwa. Kifua.

Nilipeleka uji. Mkewe Zafy alisimama mlangoni, mkono huku na mkono huku, akasema amelala. Nilikuwa namsikia anakohoa. Nilirudi na uji wangu, nikaumwaga. Sijawahi kuzuiwa mlango ule.

Ee Mola, mponye. Naandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: namwombea kwa sababu nampenda, na namwombea kwa sababu akifa tumekwisha.

Wakati wa kula jiwe likaanguka juu ya bati. Moja tu. Hamidou akasema embe. Mwezi wa sita, embe! Hata hivyo ametia kufuli kwenye kifuniko, na ufunguo kanipa mimi.

Alhamisi, 19 Juni

Nilichukua shoka. Kweli nilichukua. Nilikuwa nimelinyanyua Charifa alipoingia uani, akanishika mkono. Ukilivunja sasa na bibi yu kitandani, anasema, watasema umemaliza kazi unaficha kifaa. Ukilichoma, hivyohivyo. Ukilirudisha Nosy Be, umekimbia.

Basi tufanye nini? Akasema tuombe apone.

Hamidou sasa naye anaogopa. Hasemi, ila hapigi mluzi tena. Anakaa ameishika bisibisi tu. Nilimwambia twende kwa nduguze Moroni. Akasema amezaliwa mtaa huu, ametahiriwa mtaa huu, aende wapi? Mimi pia nilizaliwa mtaa fulani.

Jumapili, 22 Juni

Leo amefanya jambo la kichaa. Amelitoa sanduku nje mchana kweupe, mbele ya nyumba, nikamfungulia kufuli, akaingia, akalala, akaniambia funika. Anasema kama linataka mtu, basi limepata, waone kwamba ni lake yeye na anatoka mzima. Nikakataa. Akafunika mwenyewe.

Taa zikakimbizana. Mtaa wote ukatoka. Nilisimama pale nikihesabu pumzi zangu badala ya zake, kwa kuwa zake sikuzisikia. Mama mmoja alianza kulia, kile kilio chao cha msiba, na wengine wakaanza kumfuata. Walikuwa wanamlilia mume wangu! Nikapiga kifuniko kwa ngumi. Akafungua, jasho linamtiririka, anatabasamu, anainua mkono kama kwenye televisheni.

Watu walirudi nyuma wote kwa pamoja. Mwanamume mmoja alianguka. Waliona nini, sijui. Mimi niliona mtu ninayempenda anatoka humo, na hata mimi nikarudi nyuma.

Zafy peke yake hakusogea. Alikuwa anaangalia miguu ya Hamidou ilipofika, na kichwa kilipofika.

Jumanne, 24 Juni

Kamati imetuma mtu. Hamidou asije kwenye gwaride na kile kitu. Hakubisha.

Dady hakohoi tena. Nimetega sikio ukutani tangu asubuhi.

Jumatano, 25 Juni

Amefariki baada ya alasiri. Nilijua kwa vilio. Inna lillahi. Dady wangu. Nililia hapa sakafuni, kanga mdomoni nisisikike, kwani wangesema nalilia nini, si mimi niliyetaka afe?

Hamidou alifunga madirisha. Tukakaa. Nje watu wengi, nasikia miguu. Nilivaa viatu, sijui kwa nini. Usiku ule Unguja nilikimbia bila viatu.

Kisha mlango ukagongwa. Si kwa nguvu.

Zafy, na wanaume wawili nyuma yake. Wamevua kofia. Zafy macho mekundu. Akasema mama yake alipokuwa bado anasema, alisema analitaka lile sanduku. Lenye maua meupe. Alisema alipapasa ndani, hajapata kuona pazuri hivyo. Na taa zisitolewe. Aende nazo zikiwaka.

Hamidou akakaa kwenye kiti. Akaanza kulia, huyu mtu asiyelia. Akasema chukueni, lichukueni, ni lake.

Nikamkanyaga mguu. Si lake! Tukisema ni lake tumesema tulilichonga kwa ajili yake. Lakini nani atamnyima jirani yake aliyekufa? Tukikataa, leo usiku hatulali hapa. Tukitoa, kesho je? Na moyoni, Mungu nisamehe, nataka alale humo. Nataka alalie kitambaa changu.

Nimesema ngoja nitafute ufunguo. Ndiyo niko chumbani, naandika nimesimama. Ufunguo uko shingoni mwangu, ndiko unakokaa tangu usiku wa lile jiwe.

Zafy anazungumza na Hamidou uani, nasikia kila neno. Amekuja na kamba. Amempima mama yake, fundo kichwani, fundo miguuni. Ameinyoosha juu ya sanduku, na mafundo yamekaa pembe kwa pembe, hakuna hata nafasi ya kidole.

Hana hasira. Anauliza kwa adabu, kama mtu anayemshukuru fundi. Anauliza tulijuaje kimo cha mama yake.

Hamidou ananiita mimi.