Jibu Lililotangulia Wimbo

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa Doha. Ndiyo, Doha yako. Nimepewa chumba katika hoteli moja ya West Bay, juu kabisa, na dirisha lake halifunguki. Leo jioni naimba. Picha yangu imesimama mlangoni kubwa kuliko mimi, na jana mlinzi mmoja Mkenya aliitazama, akanitazama, akasema, "Madam, ni wewe kweli? Wa kwetu kabisa?" Nikamwambia ni mimi. Nilitaka kumwambia pia kwamba mama yangu alipiga pasi katika mji huu mpaka akafa ili mimi nitundikwe pale. Nilimshukuru tu nikaingia kwenye lifti.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiimba kwa simu? Unaficha kisikilizio chini ya kilemba, unapiga pasi kanzu nyeupe za mwenye nyumba, nami kule ng'ambo kwenye baridi, nilikokuwa nasomea uimbaji, nakurushia wimbo nilioupata darasani. Kila ulipojibu nilisikia mvuke wa pasi kwanza, ndipo sauti yako. Hukuwahi kuniandikia hata neno moja. Ulikuwa unaimba. Nikikutumia sauti ya kwanza, unanirudishia ya pili, kama tulivyozoea kwenye kwaya ya kanisa letu kule Kakamega, ambako ulinifundisha do-re-mi kabla sijajua kusoma. Mpaka leo, mama, nikipewa karatasi ya nota nachukua penseli na kuziandika herufi zetu chini yake. Wenzangu wananicheka.

Siku moja nilikwambia, "Mama, huu ni wa mtu mmoja. Hauna sauti ya pili."

"Hauna? Basi aliyeutunga hakuwa na dada," ukasema, kisha ukaitunga mwenyewe hapo hapo.

Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yenu. Ukitoka kanisani unakwenda Al Mansoura, kwenye chumba cha rafiki yako Rehema, yule wa Tanga anayesafisha vyumba hotelini, na simu inawekwa katikati ya kitanda ili wanawake wote wasikie. Ulikuwa ukiwaeleza opera ni nini: "Ni mchezo, lakini hakuna anayeongea. Hata wakiombana chumvi wanaimba." Ukawaambia mwanao ni soprano ya liriki, ile nyororo, si ile ya kuvunja madirisha. Sijui ulilitoa wapi hilo la madirisha. Nililirudia kwa mwandishi mmoja wa gazeti, naye akaliandika kana kwamba ni langu.

Sasa nikueleze kilichonileta kwenye barua hii.

Siku ya onyesho langu la kwanza kubwa, lile lililonifungulia milango yote, nilikutumia mazoezi yangu mchana. Ulikuwa ule wimbo wa binti anayeaga kwao. Alama mbili zikageuka buluu. Likaja jibu la maandishi: "Nimesikia mwanangu. Umeimba vizuri. Nenda." Nilishangaa kidogo kuona umeandika, nikajiambia labda madam wako yuko karibu. Nikaenda. Niliimba kama sijawahi kuimba, watu wakasimama, na kabla sijavua nguo za jukwaani nilikuwa na kazi ya miaka miwili.

Kesho yake mjomba akapiga simu. "Umekula? Kula kwanza. Umekaa?" Mtu wa kwetu akiulizwa hivyo anajua msiba umeshafika. Akasema presha ilikupanda, na kwamba ulifariki usiku, baada ya mimi kushuka jukwaani. Nililia, mama, lakini nilikuwa na pa kushika. Alinisikia, nilisema. Nilisema hivyo kaburini. Nimesema hivyo nyuma ya pazia katika kila ukumbi tangu siku hiyo, na ndipo miguu yangu inakubali kwenda.

Jana ilikuwa Ijumaa. Nikaenda Al Mansoura. Rehema amezeeka. Kwenye kile kitanda mlichokuwa mkiwekea simu sasa analala msichana mwingine, Mganda, aliyenipisha nikae. Nikamwomba Rehema anieleze siku yako ya mwisho, ulivyosikiliza wimbo, ulisema nini. Alikunja na kukunjua khanga mapajani.

"Mwanangu, kunywa maji kwanza."

Nikajua.

Ulifariki alfajiri ya siku ile ya onyesho. Nilipokutumia wimbo ulikuwa tayari chumba cha maiti, na simu yako ilikuwa mkononi mwa Rehema. Yeye na mjomba walipatana nisiambiwe mpaka niimbe. Ndivyo tunavyofanya sisi; aliye mbali hapigwi na habari barabarani. Lakini hukuwa umekufa ghafla kiasi hicho, mama. Ulipata muda wa kupanga.

"Aliniita hospitali jioni ile," Rehema alisema. "Akaniambia, kesho mwanangu ana kazi kubwa, atanitumia wimbo. Wimbo ukifika, mwambie nimesikia, na ameimba vizuri. Nikamuuliza, na asipoimba vizuri je? Akacheka, na ule mpira wa hewa puani. Akasema, huyo? Hawezi."

Nilitoka pale bila kuaga sawasawa. Nimekukasirikia, mama, nakwambia wazi. Nimewakasirikia wote. Mlinipa maneno ya kusimamia, nami nimeyasimamia miaka yote hii, kumbe ulinisifu kwa wimbo ambao sikuwa nimeuimba. Watu waliposimama kunipigia makofi usiku ule, wewe ulikuwa kwenye droo ya baridi, umeandikwa jina kwa herufi nisizoweza kusoma. Ningeambiwa, nisingeimba. Nisingeimba, nisingekuwa hapa. Najua mlipiga hesabu hiyo, na ilitoka sawa, na ndiyo maana siwezi kumlaumu hata mmoja wenu mpaka mwisho.

Asubuhi hii nilifungua ule ujumbe wangu wa zamani nikausikiliza. Kuna mahali katikati, baada ya mstari wa tatu, napumua na kungoja kidogo. Hakuna pumziko lililoandikwa pale. Nilikuwa nakuachia nafasi uingie.

Kisha nikampigia Rehema simu; atakuja leo. Ameomba ruhusa kazini, nimemwekea kiti cha mbele, na ameniuliza avae nini. Nitauimba wimbo ule ule; waandaaji ndio waliouchagua. Nikifika mstari wa tatu nitangoja. Mwongoza okestra ameshanionya mara mbili kwenye mazoezi kwamba ninachelewa pale, nikamwambia nitajirekebisha. Sitajirekebisha. Najua huingii, mama. Nitangoja tu, halafu nitaendelea peke yangu.

Pumzika pale ulipo, pasi imezimwa.

Ni mimi mwanao,
wa sauti ya kwanza.