Mlangoni, Kati ya Baba na Simu

Rumonge, Kartiye Swahili
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwa dada yangu Nafisa binti Mustafa, Ujiji.

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Nakusalimu wewe kwanza, halafu shemeji Abdoulkarim na goti lake, halafu watoto kwa kufuata umri wao, asije akatokea wa kununa kama mwaka jana. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku ni amahoro, amani tupu. Baba anakula, analala, anagomba, na wewe unajua kwamba siku atakayoacha kugomba ndiyo siku ya kutafuta daktari. Mimi bado niko na mashine zangu za kushona. Watu wakishaona mtu anafungua mashine na kuifunga bila kubakiza skrubu, wanamletea na saa, redio, simu, na juzi mmoja kaniletea jino.

Mleta barua ni Leonsi, yule muuza mawese wa Kizuka mwenye shati moja la safari. Amebeba na bidoni lako la lita tano. Nimelijaza mpaka mdomoni. Likifika pungufu usimwulize kitu, mwangalie tu usoni.

Najua utashangaa: kwa nini barua, wakati tunaongea kila Ijumaa? Subira, dada. Kuna jambo nililiharibu kwa simu, nikaona si adabu kulitengeneza kwa simu hiyo hiyo.

Nianze na zile hedifoni ulizomtumia baba baada ya Idi kwa ajili ya masikio yake mazito, zile kubwa za kufunika masikio, zisizo na waya. Siku ya kwanza alizivaa juu ya kofia, akauliza kama ndivyo marubani wanavyovaa. Nilimwambia marubani wanavua kofia kwanza. Akasema basi hao hawana dini. Tulipozivusha chini ya kofia alitulia, akazipapasa, akasema mutoto wake ametumia akili. Hili la mwisho alilisema mwenyewe, sijaongeza kitu. Utaona mbele kwa nini nakuhakikishia.

Shida ilikuwa bluetooth. Hedifoni zinashikana na simu vizuri mkiwa karibu, lakini nyumba yetu unaijua. Mtandao unaingia kwenye dirisha la ziwani peke yake, la chumba cha mama. Simu ukiisogeza hatua mbili kutoka dirishani, inakufa kama taa iliyoisha mafuta. Na baba, tangu mama atutoke, mwaka wa tatu huu, chumba kile hakukanyaga. Analala kwenye kile kidogo cha nyuma. Kiti chake kiko sebuleni, kando ya mlango wa mama, anatazama barabara. Kwa hiyo simu dirishani, baba sebuleni, na mawimbi yapite pale mlangoni kama mgeni asiyejua wenyeji.

Dirisha lile, dada! Nikiweka simu pale Ijumaa naikumbuka redio ya baba, ile ya betri sita, aliyoiegesha hapo hapo ili ikamate habari za ng'ambo. Unakumbuka ule waya wa shaba uliofungwa kwenye nondo? Redio ikianza kukwaruza, baba anapaza sauti: Nafisa, shika waya! Unaushika kwa vidole viwili, unainua mkono mwingine juu kama mtu anayejibu swali darasani, na sauti inakuja safi, mpaka mtangazaji unamsikia akimeza mate. Ukichoka, zamu yangu. Mimi nikiushika, redio inakoroma. Baba alikuwa anasema huyu Radjabu kaumbwa kwa udongo wa bondeni, maji matupu. Mama alikuwa hapo chini ya dirisha, anapepeta ndagala, dagaa zetu za ziwani, kwenye ungo ili mchanga utoke, anacheka bila kufungua mdomo. Nilikuwa na miaka saba. Nilikuonea wivu kwa ajili ya waya.

Basi, nilifanya kila kinachofanywa. Nilizichaji hedifoni mpaka taa ikawa ya kijani. Nilizima simu na kuiwasha. Nilivua kile kifuniko chake chenye bati na sumaku, maana chuma kinayasumbua mawimbi. Nilitoa sinia la shaba dirishani. Palikuwa na nafuu, lakini sauti bado ilikatika.

Halafu ikaja ile Ijumaa ambayo hatukukusimulia. Ulipiga, baba hakusikia kitu, na wewe ukaendelea kuongea. Kumbe simu ilikuwa imejishikisha na spika ya Éphraïm, kinyozi wa nyuma ya ukuta, kwa sababu mwaka jana nilimwazima simu hiyo apige muziki, na simu ikamkumbuka. Vitu hivi havisahau, mpaka uvifutie majina kwa mkono. Wewe ukauliza kwa sauti kubwa, kama mtu anayeongea na kiziwi, je, baba sasa anapata choo vizuri? Kibanda kizima cha kinyozi kikasikia. Kisha mzee mmoja aliyenyolewa nusu akaijibu spika, ambayo nayo ina kinasa sauti: anapata, mama, tunamshukuru Mungu. Ukasema alhamdulillah, ukakata simu umeridhika. Mpaka leo Éphraïm akikutana na baba anamsalimu kwa kumwuliza habari za tumbo, na baba anashangaa ukarimu wa jirani.

Nilifuta jina la spika ile. Lakini sauti ilizidi kukatika, ndipo tukafikia ule utaratibu unaoujua. Baba kwenye kiti, hedifoni zimefunguliwa sauti mpaka mwisho, hata mtu wa pembeni anasikia. Mimi nimesimama mlangoni. Sauti yako ikija vipande, mimi mwenye masikio mazima naviunganisha, namwambia baba kwa kelele. Baba anajibu, na jibu linakufikia limekatikakatika. Basi nainama karibu na shavu lake, penye kile kinasa sauti, nakuambia: dada, baba anasema hivi na hivi. Miezi saba, kila Ijumaa. Mkanishukuru wote wawili. Wewe ulisema bila Radjabu mngekuwa mabubu. Baba alinunua nyama.

Sasa, dada, kaa chini kama umesimama.

Mwezi wa pili wa mambo haya, mbuzi wa jirani aliingia uani akaanza kula kitambaa cha mteja. Nilitoka mlangoni mbio. Nikiwa uani nikamsikia baba anasema: ehe, nakusikia sasa, nakusikia sawasawa. Niliporudi na kusimama mahali pangu, akaguna: imekatika tena. Siku nyingine niliweka muziki kwenye simu, nikamvalisha baba hedifoni, nikawa napita mlangoni, natoka, naingia. Nikisimama, inakatika. Nikiondoka, inarudi. Mwili wa mtu ni maji, dada, na mawimbi haya madogo maji yanayameza. Bluetooth haikuwa dhaifu. Nilikuwa naiziba mimi. Baba alilijua hilo tangu enzi za waya wa shaba.

Dawa ilikuwa nitoke mlangoni, basi. Sikutoka. Nilirudi kusimama pale pale, Ijumaa baada ya Ijumaa, na nilijua nafanya nini.

Sababu yake ni Ijumaa ya kwanza kabisa ya utaratibu ule. Uliuliza kama baba amekusamehe kutofika kwenye maziko ya mama, wala arobaini. Nilimfikishia. Baba akasema neno moja kavu: aulize mwenyewe. Mimi nikainama nikakuambia baba anasema yamepita, na anakuombea kila alfajiri. Ukalia. Ulilia vile ambavyo sikukusikia ukilia tangu utoto, nikaona jambo jema nimelifanya, na kwa bei rahisi.

Uongo, dada, ukiushona mshono mmoja unadai wa pili. Mwezi wa nne ulikasirika. Ulisema mbona yeye hajiulizi, mbona alikupigia mama akiwa ameshazikwa siku tatu, ungefikaje na ziwa lote hili? Sikuamini masikio yangu, nikainama nikakuomba urudie. Ukarudia neno kwa neno. Kisha nikanyoosha mgongo, nikamwambia baba kwamba Nafisa anauliza kama siku hizi ndagala za Gitaza zinakuja safi. Baba akanitazama. Akasema mwambie za mama yake hazikuwa na mchanga. Hilo nilikufikishia, nadhani ulifikiri ni jibu.

Kwa hiyo yale ya kwamba baba amepunguza hasira, ni yangu. Kwamba anaitaja picha yako, ni yangu. Kwamba wewe hudai kitu kwake, nilimwambia mimi. Wewe una baba mmoja na yeye ana binti mmoja ambao hawakuzaliwa na mtu, niliwashona mimi hapo mlangoni. Nilisimama pale kwa sababu niliogopa kwamba siku mtakaposikilizana wenyewe, mtaachana mbele yangu, na nyumba itabaki na mimi na kiti kile. Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Na ya pili ni ndogo na ya aibu: safari hii nami nilikuwa nimeushika waya, na sauti ilikuwa inapita kwangu.

Jana Ijumaa hukupiga kwa ajili ya ile harusi ya huko kwenu. Mimi nilikuwa Magara kwa Beatrisi, mashine yake inaruka mishono. Niliporudi, kiti cha baba kilikuwa kitupu. Nilimtafuta chooni, kwa Éphraïm, msikitini. Nikamkuta chumbani kwa mama. Amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki vizuri chini, hedifoni masikioni, simu ameishika kwa mikono miwili mbele ya dirisha. Ile khanga ya mama ya njano bado imetundikwa kwenye msumari, na yeye alikuwa ameigeuzia uso.

Nikamwambia leo Nafisa hapigi. Akasema anajua, amekuja kujaribu. Hapa inashika vizuri, akasema, hapa hakuna mtu mlangoni.

Dada, nilikaa sakafuni.

Akaniambia, bila kugomba, na hiyo ndiyo iliyonitisha, kwamba yeye ni kiziwi lakini shavu lake liko hai, pumzi yangu alikuwa anaihisi. Kila nilipoinama kuongea nawe nilikuwa nimetoka mlangoni, na sauti yako ikawa inamwingia safi. Nilikuwa namdanganyia mtu kwenye uso wake mwenyewe. Alikusikia ukilia kwa msamaha ambao hakuutoa. Na siku ile niliyokuomba urudie, alikusikia ukirudia, neno kwa neno, kisha akanitazama mimi nikileta habari za ndagala. Nilimwuliza kwa nini alinyamaza miezi yote. Akasema alitaka kuona nitafika wapi, halafu akakiri kwamba si hivyo: alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naziba upepo.

Kisha akaniuliza: siku ile ya mama, aliyechelewa kupiga simu ni nani? Akajijibu. Alichojijibu amenikataza kukuandikia. Amesema wewe Radjabu utakitia sukari. Namtii safari hii, maana hakihitaji sukari, na si mimi wa kukibeba.

Basi nikuombe radhi mimi, kwa la kwangu. Nilikupa msamaha usio wangu, na nilikunyima hasira yako ambayo ilikuwa na haki ya kufika. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kwa barua, ije ndefu. Usimtumie Leonsi neno la mdomo, atalipunguza kama mawese.

Ijumaa piga baada ya alasiri, saa kumi ya kwetu, kumi na moja ya kwenu. Hedifoni nimezichaji. Jina la Éphraïm nimehakikisha halikurudi. Kitanda cha mama nimekitilia mto wa kuegemea, na sinia nimelitoa tena, maana lilirudi lenyewe. Mimi sitakuwepo. Nitakuwa Gitaza, kuna cherehani mbili zinanisubiri, na hata kama zisingekuwepo ningekwenda. Ongea taratibu, usipige kelele, anasikia. Lile swali lako la kwanza nililikuta bila jibu na nililiacha bila jibu. Jibu alilotoa baba ni moja tu, na leo ndiyo nakufikishia lilivyo: uulize mwenyewe.

Wasalimie wote wa Ujiji wanaotukumbuka, na wanaotusahau uwakumbushe. Baba hakusalimii, amesema atakusalimia Ijumaa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye maji mengi mwilini,

Radjabu Mustafa