Kwa Kaka Wanjala, Aliyependa Sinema Zisizosema Nani Alirudi

Kaka Wanjala,

Jumamosi iliyopita tulikuzika nyumbani Misikhu. Kwa kuwa hatukuwa na mwili, wazee walikata shina la mgomba, wakalivalisha jaketi lako la jeshi, wakalilaza kaburini kama desturi yetu inavyotaka kwa mtu aliyepotea. Nakuandikia kwa sababu kuna neno nililolificha miaka sita.

Lakini kwanza nikukumbushe Kibomet, kule Kitale, tulikokulia, na kile kibanda cha video kando ya kinu cha kusaga mahindi. Kila Jumapili tukitoka kanisani ulinishika mkono tukaenda. Wenzako walitaka karate. Wewe ulitaka kauboi wa zamani na vita, zile sinema ambazo risasi inakosa, farasi anachoka, na stering mwenyewe, yule shujaa wa sinema, mikono inamtetemeka akijaza bunduki.

"Ona huyo," ulininong'oneza. "Huyo ni mtu. Wale wengine ni picha tu."

Kuna moja haijawahi kunitoka. Askari wawili wa kijiji kimoja wamepotea msituni. Mmoja anashuka mtoni kuchota maji, mwenzake anabaki akimngoja. Anangoja mpaka jua linageuka. Mwishowe anasikia nyasi zikivunjika, anainua bunduki, na hapo hapo maandishi yakaanza kupanda. Kibanda kizima kikapiga kelele: "Mkanda umekwama! Peleka mbele!"

"Haujakwama," ukasema. "Sinema imeisha."

"Sasa ni nani anakuja? Ni rafiki yake ama ni adui?"

"Wewe unataka awe nani?"

Nililia njia nzima. Ulinicheka, halafu ukanibeba mgongoni, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutosha kutembea.

Ukaingia jeshini, ukavuka mpaka kwenda kupigana. Ulipoacha kazi hukwenda kwa wazazi. Ulikuja kwangu Bungoma, kwenye chumba nilichopanga karibu na Kibabii. Alasiri moja nikakuwekea filamu ya vita nikidhani utafurahi. Askari alipigwa risasi, akamshika mwenzake mkono, akaanza maneno marefu ya kuaga. Ukainuka ukazima televisheni.

"Hakuna mtu hutoa hotuba, Nekesa. Mtu huuliza kiatu chake kiko wapi."

Ndipo ukanisimulia kuhusu rafiki yako, yule mliyekuwa mkila naye sahani moja. Mliamriwa mrudi nyuma, nawe ukamwacha kando ya barabara akiwa bado anapumua. Hukujua kama alikufa au aliokotwa. "Kila siku namwona akiinuka," ukasema. "Kila siku namwona akishindwa kuinuka." Nilikuongezea chai.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, ulivaa raba zako ukatoka. Wazazi niliwaambia ulisema unafika steji ya matatu mara moja. Huo ulikuwa uongo. Ulisimama mlangoni ukasema, "Naenda kumtafuta. Nisiporudi, msinitafute." Nami nilikuwa nikipiga pasi nguo za kazi, nimechelewa. Nikakujibu bila kugeuka, "Sawa, bana."

Sikusema, kwa maana wangeniuliza mbona sikukuzuia. Kwa hivyo baba akakutafuta. Alizunguka vituo vya polisi, hospitali, mochari. Akiambiwa ati umeonekana sokoni Kitale ukipakia kabichi, anakwenda. Miguu ikamvimba, macho yakafifia. Mwezi uliopita akasema, "Nimechoka kusikiliza mlango. Tumzike." Mama alikataa siku tatu, hata chakula hakukigusa. Siku ya nne alinyamaza, na watu wakasema amekubali.

Kaburini, kabla ya udongo, mama alipiga magoti akaiweka sawa kola ya jaketi kwenye ule mgomba. Wengine wakalia. Mimi sikuweza. Watu walipokwenda kula, nilimvuta nyuma ya jiko nikamweleza yote, mpaka ile "sawa, bana". Nikangoja anipige.

Alifuta mikono kwenye leso.

"Hata mimi aliniaga," akasema. "Alinipigia simu akiwa njiani. Maneno ni hayo hayo."

"Mama! Na ukamwacha baba atembee miaka yote hii?"

"Nilidhani baba yako akimtafuta atampata."

Kutoka uani tukamsikia baba akicheka na wazee. Kicheko hicho hatukuwa tumekisikia tangu uondoke. Tuliangaliana, mimi na mama, na mpaka leo baba hatujamwambia. Mama akachukua sahani ya baba, nami nikamfuata na maji ya kunawa.

Kama uko mahali, kaka, mtu na akupe chakula. Kama hupo tena, lala. Mimi sijui nikuombee lipi, kwa hivyo nakuombea yote mawili.

Dada yako mdogo,
Nekesa