Skramu Moja Zaidi

Jumapili, 14 Aprili

Tumefungwa na Wareno jana kwenye raga, 12–10. Nimefungisha mimi! Dakika za mwisho tukapata penalti, mbele kabisa ya milingoti. Tsisana, mpiga mateke wetu, angeupitisha katikati huku amefumba macho — pointi tatu, tumeshinda, twende nyumbani. Mimi nahodha nikasema skramu. Tufungamane wanane kwa wanane, tuwasukume mpaka ndani ya mstari wao. Tukawasukuma kweli. Kisha tukaanguka, mpira ukapotea, filimbi.

Ajabu, mji wetu wote wa Kutaisi unanipongeza. Muuza mkate kakataa hela yangu. Na baba, aliyesukuma skramu ya timu ya taifa mpaka masikio yakakunjamana, kaniambia kwenye simu: "Mwanangu, hata mimi ningefanya hivyo hivyo."

Ndiyo shida yenyewe, baba.

Jumanne, 16 Aprili

Kocha Lamzira kaniita pembeni. Hakufoka — heri angefoka. Anasema timu yetu ya wanawake bado changa, nusu yetu tumetoka kwenye judo juzi juzi, tunadhani kila mtu duniani ni wa kuangushwa tu. Mechi ijayo na Wafini, hata sare inatupandisha daraja. Tukifungwa, tunabaki huku chini na hakuna atakayetukumbuka.

"Natela, wanaume wamekuachia ushujaa wao. Ukaidi wao waachie wenyewe."

Imeniuma! Kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 19 Aprili

Mazoezi ya mateke tu. Sisi wasukumaji wa mstari wa mbele tumesimama kama wafiwa. Njaa pia — Kwaresima, maharage asubuhi, maharage jioni. Padri kaniruhusu nyama, bibi hakuniruhusu.

Tsisana kapiga mpaka jua likazama. Mwembamba, mpole, hasemi mpaka aulizwe. Nikawa namwokotea mipira. Akaniuliza bila kuniangalia: dada, siku ya mechi, uwanja mzima ukipiga kelele "sukuma," utanipa mpira kweli?

Nikasema nitakupa. Hakuniamini. Hata mimi sikujiamini. Lakini mateke yake yote yalipita katikati, na nimerudi nyumbani naimba.

Jumamosi, 27 Aprili

Chumba cha kubadilishia nguo. Naandika kwa mkono wa kushoto — bega la kulia limechomoka. Daktari kaenda kutafuta gari. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Tuko nyuma, 13–10. Wakati wananitoa nimemwachia Tsisana unahodha. Nilitaka kumwambia: piga. Maumivu yakanikata kauli.

Filimbi! Mzee Otia, mlinzi wa uwanja, kachungulia mlangoni, kofia mkononi: "Penalti yetu! Mbele ya milingoti! Leo tunawasukuma mpaka Helsinki, binti yangu!" Kakimbia kurudi, kasahau kufunga mlango.

Sukuma! Sukuma! Ukuta unatetemeka. Na sauti ya baba imo humo, naijua popote. Na mimi — aibu! — miguu yangu imeshajipanga chini ya benchi, tayari kusukuma.

Mtoto wa watu, peke yake, mbele ya kelele zote hizo. Usiwasikilize, Tsisana. Usimsikilize hata baba yangu. Usinisikilize mimi.

Sasa wanazomea. Wanaozomea ni watu wetu wenyewe!

Sasa wamenyamaza. Kimya kabisa. Hapa kwetu hunyamaziwa mpiga teke tu; hakuna anayenyamaza kwa ajili ya skramu.

Kaweka mpira chini.