Mama Wakwe Wawili Mezani

Jumapili. Baridi ya Julai hapa Kanja, manyunyu tangu asubuhi, na sare ya shule imekataa kukauka. Naandika nikiwa jikoni kwa sababu ndiko kwenye joto.

Nianze na Ijumaa. Mwalimu wa chekechea aliniita akanionyesha mkono wa mtoto wa watu. Igoki wangu alikuwa amemuuma kwa sababu alinyimwa zamu ya bembea. Si mara ya kwanza. Mwalimu hakupandisha sauti. Aliniambia tu kwamba akiuma tena, nimkalishe nyumbani mpaka ajifunze kukataliwa.

Ajifunzie wapi? Hapa kwetu nani humkatalia?

Igoki ana miaka minne. Ndiye msichana wetu wa kwanza, kwa hivyo alipewa jina la mama ya baba yake, kama ilivyo desturi. Tangu siku hiyo mume wangu humwita "mama". Akitaka simu, mama apewe simu. Akitaka chai ya baba, kikombe kinasogezwa. Nikilalamika, Baba Igoki ananiuliza, "Sasa mimi nimkatalie mama yangu?" Anacheka, lakini hatanii.

Na mimi wacha niseme ukweli: nimeogopa pia. Kumfokea Igoki mbele ya watu wa kwao ni kama kumfokea mama mkwe, na mimi sikuolewa hapa kutafuta vita.

Leo mama mkwe mwenyewe alipitia kwetu kutoka kanisani. Nikachinja kuku. Firigisi nikamwekea mwenye nyumba, kama kawaida. Hata hajaigusa, Igoki akanyoosha mkono. "Nataka hiyo." Baba yake akaichukua ampe.

"Hapana," nikasema. "Hiyo ni ya baba. Wewe una paja lako."

Uwii! Paja likatupwa chini, na mwenyewe akafuata, miguu inapiga sakafu. Baba Igoki aliniangalia vibaya. Mimi niliinamia sahani yangu nikingoja mama mkwe aseme neno, maana mbele yake ni kama nilikuwa nimemnyima yeye.

Cucu, ndivyo Igoki anavyomwita nyanya yake, alimaliza kutafuna kwanza.

"Huyo si mimi," akasema. "Mimi tangu nizaliwe sijaonja firigisi. Baba yangu alikula, mzee wangu akakula, halafu nyinyi vijana mkakua mkakula."

Baba Igoki aliona haya. Akamsogezea sahani haraka. "Basi kula hii, mama."

"Hapana. Sasa sina meno ya hiyo kitu. Kula chakula chako."

Akambembeleza. Akakataliwa tena. Mwanamume mzima, macho yamemlowa. Mwishowe akasema, "Sawa, mama," akaila polepole bila kumtazama mtu. Igoki alikuwa amenyamaza pale sakafuni akimwangalia baba yake. Sidhani amewahi kumwona mtu mkubwa akinyimwa kitu.

Nilimhurumia mume wangu. Pia, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Manyunyu yalipopungua cucu akafunga leso yake aende. Igoki naye akavaa ndala, anaenda kulala kwa cucu. Siku zingine angeenda, shule iwe isiwe. Nilifungua mdomo nimzuie, lakini baba yake alinitangulia. Alichuchumaa mlangoni akamshika mabega.

"Hapana, Igoki. Kesho ni shule."

Igoki! Miaka minne, na leo ndiyo mara ya kwanza namsikia akimwita kwa jina. Hata cucu aligeuka, akatabasamu, kisha akaenda zake bila kungoja.

Mtoto alilia, na alilia sana. Alimpiga baba yake ngumi za kifua, akamvuta shati mpaka kifungo kikatoka. Baba yake hakumfokea na hakubadilisha neno. Alikaa naye tu pale mlangoni kwenye baridi mpaka kilio kikawa kwikwi, na kwikwi ikaisha.

Igoki hakumuuma.

Sasa amelala kwa kiti, kichwa kwenye paja la baba yake, makamasi yamemkaukia usoni. Kesho nitampeleka shule mwenyewe, na nitakawia langoni kidogo nione.